Tuvisome Viungo vya Mbeba Mzigo

Miongoni mwa elimu ambazo nchi yetu imewaachia wataalamu wachache, na hao nao wakafungiwa ndani ya kuta za hospitali, ni elimu ya viungo vya mwili wa binadamu na namna vinavyofanya kazi. Mtoto wa skuli hufundishwa kwamba mtu mzima ana mifupa 206. Hukariri majina ya baadhi yake, huyaandika katika mtihani, kisha huyasahau. Haulizwi kwa nini goti lake hukunjika kwenda nyuma tu, au kwa nini bega huzunguka pande zote ilhali kiwiko hukataa. Majina anayo, kazi haijui. Na gharama ya kutojua huko hailipwi na yeye peke yake. Hulipwa na mkulima, mchukuzi, mkwezi na mama mwenye ndoo kichwani, watu ambao kwa kawaida hawana nafasi ya kulalamika magazetini.

Tuchukue mfano wa Gonja, katika Wilaya ya Same, Mkoa wa Kilimanjaro. Wasomaji wetu wengi wa visiwani hawajafika huko, basi yafaa waelezwe kidogo. Chini, katika tambarare inayotazama Mkomazi, ipo Maore, na jirani yake Ndungu yenye mashamba ya mpunga wa kumwagilia. Juu, katika Milima ya Upare ya Kusini, ziko Vuje na Bombo, ambako hulimwa tangawizi, maharage na ndizi. Baina ya juu na chini kuna mteremko ambao mgeni akiutazama kwa mara ya kwanza huuliza kama watu wanaupanda kweli. Wanaupanda, na wanaushuka, na mara nyingi hawako mikono mitupu. Pikipiki za bodaboda zimepunguza adha hiyo pale palipo na barabara, na hilo ni jambo la kushukuriwa. Lakini shamba halipo barabarani. Kutoka shambani hadi barabarani mzigo bado unakwenda kwa miguu ya mtu.

Mtu akishuka mlima, hufikiri kwamba anapumzika, kwa sababu pumzi haimbani kama alipokuwa akipanda. Mapafu ndiyo yanayopumzika, goti halipumziki. Msuli mkubwa wa mbele ya paja, ambao umepita juu ya kilegesambwa na kushikwa kwenye mfupa wa muundi, hulazimika kuvuta huku ukirefuka, ili mwili usiporomoke. Ni mfano wa mtu anayeteremsha ndoo kisimani: kamba inakwenda chini, lakini mkono hauachi kushika. Kazi ya namna hiyo huuchosha msuli na kuuumiza kuliko kazi ya kupanda, na ndiyo maana mtu aliyeshuka mlima mrefu huamka kesho yake mapaja yakimuuma. Wataalamu waliopima kwa vyombo vilivyowekwa ndani ya magoti ya bandia wamekuta kwamba mtu anaposhuka ngazi, goti moja hubeba zaidi ya mara tatu ya uzito wa mwili wake. Sasa tupige hesabu ya haraka. Mwanamke wa kilo 55 mwenye mzigo wa kilo 20 kichwani ni kilo 75. Mara tatu ya kilo 75 ni kilo 225. Huo ndio uzito unaokanyaga gegedu ya goti lake, takriban, kwa kila hatua, na hatua kutoka Vuje hadi tambarare hazihesabiki.

Gegedu yenyewe ni kitu cha ajabu. Ni laini, inateleza, inaoshwa na ute wa kiungo, na haina mishipa ya damu. Kwa kuwa haina damu yake, hulishwa na ute huo kila kiungo kinapobanwa na kuachiwa, mithili ya sifongo. Kwa hiyo kiungo kisichotumika hudhoofika, na kiungo kinacholemewa huchakaa, na kilichokwisha kuchakaa hakioti upya kama ngozi inavyoota. Hapo ndipo elimu ya viungo inapotofautiana na orodha ya majina. Anayejua kwamba kiungo hulishwa kwa kutembea hatamwambia mzee mwenye maumivu ya goti alale kitandani mwezi mzima. Atamwambia atembee kidogo, mahali tambarare, apunguze mzigo, na aimarishe msuli wa paja, kwa sababu msuli huo ndio unaolipunguzia goti kishindo.

Na tukimtaja mzee, tuitaje bakora yake. Asilimia kubwa ya wazee tunaowaona wakichechemea huishika bakora upande uleule wa mguu unaouma, wakidhani wanausaidia. Kumbe sivyo. Mtu anaposimama kwa mguu mmoja, kama inavyokuwa katika kila hatua, nyonga yake huwa ndiyo kitovu cha mizani. Upande wa ndani kuna uzito wa kiwiliwili, na mkono wake wa mizani ni mrefu. Upande wa nje kuna msuli wa nyonga, na mkono wake ni mfupi. Kila mwenye kupima karafuu anajua kwamba mwenye mkono mfupi hana budi avute sana ili mizani ilingane. Kwa sababu hiyo kichwa cha fupapaja hukandamizwa kwa nguvu inayozidi mara mbili ya uzito wa mtu. Bakora ikishikwa upande wa pili, mbali na nyonga inayouma, nayo hupata mkono mrefu, na msukumo mdogo tu wa kiganja huondoa mzigo mkubwa kwenye nyonga. Hii ni tiba isiyohitaji dawa wala fedha za kigeni. Inahitaji mtu mmoja tu katika kijiji aliyefundishwa kusudi la kiungo, amwambie mzee abadilishe mkono.

Wako watakaosema kwamba akina mama wa Afrika wamezoea, na kwamba hata wazungu wamethibitisha hivyo. Ni kweli kwamba mwaka 1986 jarida la sayansi la Nature lilichapisha uchunguzi uliofanywa nchini Kenya, ambao miongoni mwa waandishi wake alikuwamo mtaalamu wa Kikenya, G. M. O. Maloiy. Wanawake wa Kijaluo wanaobeba kichwani, na wa Kikikuyu wanaobeba kwa kamba iliyopita kwenye paji la uso, walitembezwa wakiwa na mizigo huku pumzi yao ikipimwa. Ilionekana kwamba waliweza kubeba mzigo wa hadi asilimia 20 ya uzito wao bila kutumia nguvu zaidi ya ile wanayotumia wakitembea mikono mitupu. Mwaka 1995 ilielezwa ni kwa nini: mwendo wa binadamu ni kama timazi iliyopinduliwa, mwili ukipanda na kushuka juu ya mguu uliosimama, na wanawake hao walikuwa hodari zaidi wa kugeuza nguvu ya kushuka kuwa nguvu ya kwenda mbele. Hayo ni maarifa makubwa, nasi tunayaheshimu.

Lakini tuisome hesabu hadi mwisho. Asilimia 20 ya kilo 55 ni kilo 11. Ndoo ya lita 20 ikijaa maji ni kilo 20, zaidi ya theluthi ya uzito wa mbebaji. Kwa maneno mengine, kinachobebwa “bure” ni nusu ya ndoo, na nusu inayobaki inalipiwa. Tena vipimo vile vilifanywa mahali tambarare, si katika milima ya Upare. Uchunguzi uliofanywa Afrika Kusini na kuchapishwa mwaka 2010 haukuikuta nafuu hiyo kwa wanawake wa huko kwa ujumla, hata kwa waliozoea kubeba kichwani tangu utoto, na wengi walilalamikia shingo. Na waliowapima wabeba kuni wa Kongo walikuta pingili za shingo zao zimechakaa kuliko za wasiobeba. Hivyo, anayetumia sifa ya mama wa Kiafrika kama kisingizio cha kutochimba kisima hatendi haki, na sayansi aliyoishika mkononi haimsaidii.

Hata hivyo hatusemi kwamba ngata itupwe. Kubeba kichwani kuna hekima yake, na mwalimu wa viungo aanze hapo. Mzigo uliokaa juu ya utosi hushuka wima kupitia pingili za uti wa mgongo, wala hauna mkono wa mizani wa kuuvuta mgongo mbele. Mzigo uleule ukishikwa kwa mikono iliyonyooshwa mbele, huwa mbali na uti, na misuli ya kiuno hulazimika kuvuta mara kadhaa ya uzito wake, na visahani vya gegedu vilivyo baina ya pingili ndivyo vinavyobanwa. Hatari ya mbeba kichwani kwa mgongo wake iko zaidi katika kujitwika na kujitua kuliko katika mwendo. Anayeinama kwa kiuno, magoti yamenyooka, akaunyakua mzigo kutoka ardhini, hujiumiza kwa sekunde mbili kuliko kwa saa nzima ya kutembea. Ndiyo maana desturi ya kutwikana ni desturi ya kisayansi, ingawa hakuna aliyeiita hivyo.

Kuna jambo jingine linalowahusu zaidi wakubwa wa Serikali, nalo ni kipimo. Katika karne ya 19 misafara iliyotoka Pangani kwenda Kilimanjaro ilipita chini ya milima ya Usambara na Upare, na Gonja ilikuwa miongoni mwa vituo vyake. Wapagazi wa zama hizo walikuwa na mzigo wao wa kawaida, ratili 60 hadi 70, yaani kama frasila mbili, ambazo kwa vipimo vya leo ni kilo 27 hadi 32, mbali na mkeka, chungu na chakula chao. Pembe kubwa za ndovu zilizidi hapo na zilibebwa na watu mashuhuri kwa nguvu. Hatusemi kwamba zama hizo zilikuwa za heri, maana njia hizohizo zilipitisha watumwa, na mtumwa hakuulizwa uzito. Tunachosema ni kwamba mpagazi wa kulipwa alijua frasila zake, na ukimzidishia aliuweka mzigo chini.

Leo mchukuzi wa sokoni hubeba nini? Huko Bara lipo gunia linaloitwa lumbesa, lililojazwa hadi mdomo, likaongezwa kilemba cha wavu juu yake. Viongozi wamelikemea kwa miaka mingi, na kanuni zilizo chini ya Sheria ya Vipimo zinataka mazao yafungashwe kwa uzito usiozidi kilo 100. Hoja ya kukemea lumbesa imekuwa siku zote kwamba mkulima anaibiwa, maana anauza zaidi kwa bei ya gunia moja. Hoja hiyo ni sahihi. Lakini haijasemwa vya kutosha kwamba gunia hilo linapanda juu ya mgongo wa mtu. Shirika la Kazi la Kimataifa, katika pendekezo lake namba 128 la mwaka 1967, lilisema kwamba pale ambapo mfanyakazi mwanamume mzima anaruhusiwa kubeba zaidi ya kilo 55, hatua zichukuliwe haraka kuushusha uzito huo hadi hapo, na kwamba kwa wanawake na vijana uwe mdogo zaidi. Basi hata gunia halali la kilo 100, ambalo mkaguzi wa vipimo analipitisha bila kinyongo, linakaribia mara mbili ya kilo hizo 55. Sheria imempima mkulima na mnunuzi. Mchukuzi aliye katikati yao haikumpima.

Sisi wa visiwani tusijione tuko kando. Mchele na tangawizi tunazopika hatuulizi zimeshuka mlima juu ya kichwa cha nani. Na mizigo yetu wenyewe tunayo. Wapo wachukuzi wa Malindi, wapo wenye mizega mabegani. Wapo wachumaji wa karafuu wa Pemba, wanaosimama juu ya tawi kwa mguu mmoja, mkono ukivuta kikonyo, bega likiwa limeinuliwa juu ya kichwa kwa saa nyingi. Bega ndicho kiungo chenye uhuru kuliko vyote, na uhuru huo umenunuliwa kwa udhaifu: kikombe chake ni kidogo na kifupi, na kinachokishikilia ni misuli na kano zaidi kuliko mfupa. Shirika la Biashara la Taifa la Zanzibar limewahi kuwalipa fidia wachumaji walioanguka mikarafuu. Ni jambo jema. Fidia hulipwa baada ya mfupa kuvunjika, na fedha peke yake haimrudishi mtu katika kazi yake. Mfupa ukiunga bila kiungo kufanyizwa mazoezi, goti hukakamaa, na mchumaji huyo huwa mtu wa kukaa barazani.

Wako wanaoona kwamba mambo haya ni ya kigeni. Sisi tuliokaa chuoni utotoni, miguu imekunjwa juu ya jamvi na msahafu mbele yetu, tulisikia mapema kuliko skuli kwamba viungo vina haki. Imepokewa katika hadithi kuwa mwanadamu ameumbwa na viungo 360, na kwamba kila kiungo kinadaiwa sadaka kila jua linapochomoza. Miongoni mwa sadaka zilizotajwa ni kumsaidia mtu kupandisha mzigo wake juu ya mnyama wake. Tafakari hapo. Sadaka ya kiungo ni kukiondolea kiungo cha mwenzio uzito. Na swala yenyewe, yenye kurukuu, kusujudu juu ya viungo saba na kuinuka tena, huikunja na kuikunjua nyonga, goti, kifundo na vidole vya mguu mara nyingi kwa siku. Imamu akitaka kujua hali ya magoti ya mtaa wake, ahesabu viti vilivyoingia msikitini.

Wanazuoni wetu wa kale nao hawakutosheka na majina. Abdul-Latif al-Baghdadi, tabibu aliyefariki mwaka 1231, alikuwa Misri wakati wa njaa kubwa iliyoanza mwaka 1200, na alipata kuitazama mifupa mingi ya maiti iliyokuwa wazi. Kwa zaidi ya miaka elfu moja vitabu vilikuwa vikifundisha, kwa kumfuata Galen, kwamba taya la chini ni mifupa miwili. Al-Baghdadi alitazama mafuvu zaidi ya 2,000, akakuta mfupa mmoja. Akaandika alichokiona. Walimu wetu wa sayansi wanaosomesha kwa kunakili ubaoni wangefaa wamfikirie.

Wala nchi hii haina uhaba wa ushahidi wake. Nyayo za Laetoli, karibu na Olduvai, ziliachwa katika majivu ya volkano miaka takriban milioni 3.6 iliyopita, na kundi la Mary Leakey likazifichua katika miaka ya 1970. Zinaonyesha kisigino kikitua kwanza na kidole gumba kikiwa sambamba na vingine, mwendo wa kiumbe asimamaye wima. Somo la mwendo wa binadamu linaweza kuanzia hapo katika skuli yoyote ya Tanzania, bila ya kuagiza picha kutoka nje.

Basi nini kifanywe? Tunavyo vyuo. Moshi, si mbali sana na Gonja, iko Hospitali ya KCMC iliyofunguliwa mwaka 1971, na hapo tangu 1981 kipo chuo cha mafundi wa viungo bandia, TATCOT, kinachowapokea wanafunzi kutoka nchi nyingi za Afrika. Dar es Salaam iko Taasisi ya Mifupa Muhimbili, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1996. Vyuo hivi vimefanya kazi kubwa. Lakini mtaalamu wa fiziotherapia humkuta zaidi mjini, na aliyevunjika nyonga kijijini hupata gari la kumpeleka kuungwa mfupa mara moja, asipate nauli ya kurudi mara kumi kunyoosha kiungo. Kila hospitali ya wilaya, Bara na Visiwani, iwe na nafasi za utengamao zilizojazwa watu, na watu hao wawe na ratiba ya kwenda vijijini kama wanavyokwenda wachanjaji. Mhazigi, yaani muunga mifupa wa kienyeji, aitwe naye afundishwe. Wagonjwa wanamwendea yeye kwanza, tukipenda tusipende, na akijua dalili za mguu unaokosa damu chini ya banzi lililokazwa mno, ataokoa miguu.

Elimu hii isomeshwe kwa Kiswahili. Lugha yetu haina njaa ya maneno hapa: gegedu, kano, pingili, kilegesambwa, muundi, nyonga, mvungu wa goti. Mengi ya hayo yamo vinywani mwa bibi zetu, na mengine BAKITA na BAKIZA wanaweza kuyasanifu pamoja. Mwalimu asimame mbele ya darasa, awaambie watoto wachuchumae, wainuke, washike paja wausikie msuli ukikaza, wasimame kwa mguu mmoja, waone kiwiliwili kikihama. Vifaa vyote vya somo hilo kila mtoto amekuja navyo kutoka nyumbani.

Tuna mfano wetu pia wa kuwafikia watu wazima. Mwaka 1973, katika kampeni ya “Mtu ni Afya”, karibu watu milioni mbili walikaa katika vikundi, wakasikiliza redio, wakajadiliana, kisha wakaenda kuchimba vyoo. Redio bado zipo, tena nyingi kuliko wakati ule, na matawi ya Chama yapo hadi vitongojini. Vipindi kumi na viwili vya robo saa kuhusu kujitwika, kushuka mlima, bakora, mgongo wa mchukuzi na bega la mchumaji havitafilisi hazina ya nchi.

Kuhusu gunia, tunaiomba Wizara inayohusika na kazi na ile inayohusika na biashara zikae meza moja, kwani hadi sasa kila moja inalitazama gunia kutoka upande wake. Uzito wa juu wa mzigo unaobebwa na mtu mmoja utajwe kwa kilo, uandikwe kwa Kiswahili mahali pa kupakilia, na pembeni pake iwekwe mizani. Kinachozidi kipakiwe kwa watu wawili au kwa mkokoteni. Wanunuzi watasema gharama zitapanda. Zitapanda kidogo, nao watazilipa wao, badala ya kulipwa na uti wa mgongo wa kijana wa miaka 25 ambaye akifika 40 hataweza kuinama kufunga viatu vyake.

Same inaweza kuanza bila kungoja. Halmashauri ikiweka mizani moja Maore, kwenye kituo cha kupakia, na muuguzi mmoja wa zahanati akasimama hapo siku za soko kwa msimu mmoja wa tangawizi, akaandika daftarini mzigo wa kila mbebaji, umri wake, na mahali anapoumwa, wilaya hiyo itakuwa na takwimu zake yenyewe za kupeleka Dodoma.